Asiyekuwapo na lake halipo: somo kutokana na mashine za wachache

Mnamo Agosti 2025, Debian, mojawapo ya mikusanyo mikongwe zaidi ya programu za Linux, ilitoa toleo lake la 13. Ndani ya toleo hilo mna mambo mawili yanayostahili kutafakariwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi. La kwanza ni kwamba jamii ya prosesa iitwayo RISC-V, ambayo miaka michache tu iliyopita ilijulikana na watafiti na wapenzi wachache, ilitolewa kwa mara ya kwanza ikiwa na hadhi rasmi. La pili ni kwamba tarakilishi za biti 32 za jamii ya i386, ambazo ndizo Linux ilizaliwa juu yake mwaka 1991, hazikuandaliwa tena kiini cha mfumo wala programu ya kusakinishia. Mgeni alikaribishwa sebuleni, na mwenyeji akaonyeshwa mlango wa uani.

Ni nani anayeamua mambo kama haya, na kwa kigezo gani? Je, sisi ambao maabara zetu za shule aghalabu hujazwa mashine kuukuu za msaada tuna usemi wowote katika uamuzi huo? Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hadhi rasmi haiombwi kwa huruma, wala haipatikani kwa fedha au kwa wingi wa watumiaji peke yake. Hujengwa na watu waliopo kazini, na watu hao wakiondoka, nayo huondoka.

Kwa faida ya msomaji asiye mtaalamu, yafaa tuanze na msingi. Kila jamii ya prosesa ina lugha yake ya amri. Prosesa ya tarakilishi ya mezani na ile ya simu ya mkononi haziwezi kusomeana amri, kama vile Mluo na Mgiriama wasivyoweza kuelewana iwapo kila mmoja atashikilia lugha ya mama. Mwandishi wa programu huandika matini chanzi kwa lugha inayoeleweka na wanadamu. Kisha kompaila huyatafsiri matini hayo hadi katika lugha ya prosesa lengwa. Mkusanyo kama Debian una makumi ya maelfu ya vifurushi vya programu. Kila kimoja hakina budi kutafsiriwa kwa kila jamii ya prosesa, kujaribiwa, na kurekebishwa pale tafsiri inapokataa.

Jamii ya prosesa inapotambuliwa rasmi, mradi wenyewe huwa umetoa ahadi tatu. Vifurushi vyake vitatafsiriwa kwa mashine zinazosimamiwa na mradi. Ufa wa usalama ukigunduliwa, marekebisho yatatolewa kwa jamii hiyo sawa na kwa nyingine zote. Na kosa zito linaloikabili jamii hiyo litahesabiwa kuwa kosa la toleo zima, hata kama wanaoitumia ni wachache. Zile zisizo na hadhi hiyo hukaa pembeni, katika ua unaoitwa Debian Ports, ambako wanaojitolea hufanya kazi kwa kasi yao wenyewe, bila ahadi ya toleo lililo imara.

Sisi wanaisimu tunaitambua hali hii bila kuelezwa mara mbili. Lugha inaweza kuzungumzwa na mamilioni sokoni na bado isiwe na nafasi mahakamani. Lugha yaweza pia kupewa cheo leo na kesho ikose kamusi, wafasiri na wachapishaji wa kuibeba. Mwaka 1974 Kiswahili kiliruhusiwa katika Bunge letu, lakini miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 ilikitangaza kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Umbali uliopo kati ya tangazo hilo na fomu anazojaza raia katika ofisi za serikali ni kipimo cha kazi ambayo haijafanywa. Cheo ni mwanzo wa kazi, nayo kazi yataka watu.

Historia ya Debian inatupa mifano ya wazi. Mradi ulianzishwa na Ian Murdock mnamo Agosti 1993. Toleo la 2.0 la mwaka 1998 ndilo la kwanza kutolewa kwa jamii mbili za prosesa: i386 na ile ya Motorola 68000, iliyokuwa ndani ya tarakilishi za Amiga, Atari na Macintosh za mwanzo. Kufikia Juni 2005, toleo la 3.1 lilikuwa na jamii 11. Lilikuwa jambo la kujivunia, lakini mzigo ulikuwa umezidi mabega. Toleo lilikuwa limechelewa mno, na wasimamizi walilazimika kuuliza kama kila mashine iliyokuwamo garini ilistahili kusubiriwa na abiria wote.

Mnamo Machi 2005, baada ya mkutano wa baadhi ya wasimamizi mjini Vancouver, palitolewa mapendekezo yaliyozua ubishi mkubwa. Miongoni mwa masharti yaliyojadiliwa wakati ule ni kwamba mashine za jamii husika ziwe bado zinanunulika zikiwa mpya, kuwe na wasanidi wasiopungua 5 walio tayari kuwajibika, na asilimia 98 ya vifurushi iwe inatafsirika. Msomaji na aangalie vizuri. Kuhusu watumiaji, sharti mojawapo lilitaja idadi ya 50 tu. Hamsini! Shule moja ya kutwa ingeweza kutimiza idadi hiyo kwa darasa moja. Kizuizi, basi, hakikuwa uchache wa wanaotumia. Kilikuwa uchache wa wanaotengeneza.

Mashine za Motorola 68000 zilishindwa kufuata mwendo. Zilikuwa za polepole mno hata kutafsiri kifurushi kikubwa kulichukua siku nyingi, na foleni ikazidi kurefuka. Toleo la 4.0 la Aprili 2007 lilipotoka, jamii hiyo haikuwamo. Ingalikuwa hadithi ya kawaida, tungeishia hapo na kusoma tanzia. Lakini wapenzi wake hawakutawanyika. Walihamia Debian Ports, wakatumia programu za kuigiza mashine ya kale ndani ya mashine mpya ili kuharakisha tafsiri, wakaendelea kupeleka marekebisho. Matokeo yake ni kwamba hadi leo kiini cha Linux kinazitambua prosesa hizo zilizobuniwa miaka ya sabini ya karne iliyopita.

Linganisha na Itanium. Hii ilikuwa prosesa ya kampuni mbili kubwa, Intel na Hewlett-Packard, zilizomimina fedha nyingi katika kuibuni na kuitangaza. Intel ilisafirisha shehena za mwisho mwaka 2021. Watunzaji wa upande wa Itanium katika kiini cha Linux walipokosekana, msimbo wake uliondolewa katika toleo la 6.7 lililotoka Januari 2024. Prosesa ya mabwanyenye ilikosa mtu wa kuiombea. Ya wapenzi wachache imo hadi leo. Kama kuna mtu angali anaamini kwamba ukubwa wa mfuko ndio unaoamua mambo haya, na ayatafakari majaliwa ya hizi mbili.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na shule. Bodi ndogo ya Raspberry Pi ilipoanza kuuzwa mwaka 2012, ilikusudiwa kuwapa watoto tarakilishi ya bei nafuu ya kujifunzia. Ilikumbwa na tatizo lisilotarajiwa na wengi. Debian ilikuwa na aina mbili za tafsiri kwa prosesa za ARM. Moja ilikuwa ya prosesa duni zisizo na uwezo wa kukokotoa namba za desimali kwa maunzi. Nyingine ilikuwa ya prosesa za kizazi cha saba na kuendelea. Prosesa ya bodi hiyo ilikuwa katikati: ya kizazi cha sita, lakini yenye uwezo huo wa kukokotoa. Ilikuwa kama mwanafunzi aliyezidi darasa la sita na hajafikia la saba. Waliojitolea wachache mno walichukua matini chanzi ya Debian na kutafsiri upya maelfu kwa maelfu ya vifurushi ili vilingane na prosesa hiyo. Mkusanyo wao uliitwa Raspbian, na ndio uliobeba sifa ya bodi hiyo ulimwenguni. Laiti wangalikaa kusubiri kutambuliwa rasmi, watoto wangalikuwa watu wazima.

Sasa tuirejelee RISC-V. Usanifu huu ulianzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na sifa yake kuu ni kwamba lugha yake ya amri iko wazi: yeyote aweza kubuni prosesa inayoizungumza bila kulipia leseni ya lugha yenyewe. Hata hivyo, uwazi huo haukuiletea Debian siku ya pili. Kwanza kompaila ilibidi ifundishwe. Kisha kiini cha Linux kikapokea msimbo wake katika toleo la 4.15 la Januari 2018, na maktaba ya msingi ya lugha C ikafuata mwezi wa pili yake. Ndipo mwaka huo huo jamii hiyo ikaingia Debian Ports. Miaka mitano ilipita wasanidi wakirekebisha kifurushi kimoja baada ya kingine. Cheo rasmi kilikuja Julai 2023, nacho hakikuja na urithi: vifurushi vilivyotafsiriwa uani havikuhamishwa vyote kuingizwa sebuleni. Kazi ilianza upya kwa idadi ndogo ya vifurushi vya msingi, na vingine vyote vikatafsiriwa tena kwa mashine zilizo chini ya usimamizi wa mradi, ili pasiwe na shaka kuhusu asili yake. Toleo imara likaja Agosti 2025. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilichukua zaidi ya miaka saba kujaa.

Kuna wanaouliza, na swali lao si la kipuuzi: kwa nini wengi wacheleweshwe kwa ajili ya wachache? Mtumiaji wa tarakilishi ya kawaida anafaidika nini programu ya hesabu ikifanya kazi kwenye mashine ambayo hataiona maishani? Aidha, watu wanaojitolea nao huchoka, umeme wa mashine za kutafsiria hulipiwa, na kila jamii inayoongezwa huongeza makosa ya kushughulikiwa. Mashirika makubwa nayo yana hoja hiyo hiyo wanapoamua kushughulikia jamii mbili au tatu tu.

Hoja hiyo ina uzito, lakini ni nusu ya ukweli. Programu inayotafsiriwa kwa mashine za aina moja huficha makosa yake, kama vile mwanafunzi anayezungumza na kaka zake pekee asivyojua lafudhi yake. Jamii mbalimbali za prosesa hutofautiana katika mpangilio wa baiti ndani ya kumbukumbu, katika urefu wa namba na katika namna ya kuzifikia. Kifurushi kinapokwama kwenye mashine ya wachache, mara nyingi kosa lililofichuka lilikuwa limejibanza katika matini chanzi tangu hapo, likisubiri siku ya kumdhuru kila mtu. Mashine ya wachache, kwa hiyo, huwalipa wengi. Isitoshe, kama uchache ungalikuwa sababu ya kufungiwa mlango, RISC-V isingaliingia kamwe, kwa kuwa kila jamii huanza ikiwa ya wachache.

Lakini usanifishaji nao una gharama yake, na hapa mwanaisimu hawezi kunyamaza. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikatekeleza uamuzi huo. Tulipata lugha moja ya vitabu vya shule kote Afrika Mashariki, na faida yake tunaila hadi leo. Kimvita, lugha ya washairi wakubwa, kilibaki pembeni, na msemaji wake akaambiwa darasani kwamba anakosea lugha ya mamake. Mkusanyo wa Ubuntu ulifanya jambo linalofanana na hilo katika toleo la 25.10 la Oktoba 2025. Uliamua kwamba prosesa ya RISC-V haitahudumiwa isipokuwa iwe na seti kamili ya amri iitwayo RVA23. Bodi nyingi zilizokuwa zimekwisha kununuliwa hazina seti hiyo, na wenye bodi hizo walilazimika kubaki na toleo la 24.04. Waliokuwa wa kwanza kuamini ndio waliokuwa wa kwanza kuachwa.

Na wako walioachwa ambao hawakujua hata kwamba kulikuwa na mjadala. Kuanzia mwaka 2008 Rwanda ilipokea vipakatalishi vya XO vya mpango wa tarakilishi moja kwa kila mtoto, na baada ya miaka kadhaa vikazidi 200,000. Vile vya toleo la kwanza vilikuwa na prosesa ya AMD Geode. Mwaka 2023, toleo la 12 la Debian lilipandisha kiwango cha chini cha prosesa za biti 32, na Geode ikakosa amri moja inayohitajika. Amri hiyo ni ipi? Ni ile inayoiambia prosesa isifanye lolote na kupita tu! Mashine ilikosa nafasi kwa kutojua njia mpya ya kukaa kimya. Sisemi kwamba uamuzi huo ulikuwa wa hila. Sababu zake za kiufundi zinaeleweka. Ninachosema ni kwamba sharti la wasanidi watano linapojadiliwa, ni vigumu mtoto wa darasa la nne wa Nyamata kuwa miongoni mwa hao watano. Serikali, vyuo na wafadhili waliompa kipakatalishi ndio waliopaswa kumwekea mtu mezani.

Hapa ndipo hoja inapotufikia sisi. Tumezoea kuhesabu msaada wa tarakilishi kwa idadi ya masanduku. Mgeni rasmi hukata utepe, picha hupigwa, na hakuna anayeuliza prosesa iliyomo ni ya jamii gani, wala mfumo wake utapata marekebisho ya usalama hadi mwaka gani. Mwalimu mkuu anayepokea mashine za biti 32 leo anastahili kuelezwa kwamba Debian 12 ndilo toleo la mwisho la mkusanyo huo linaloweza kusakinishwa kwenye mashine hizo kwa njia ya kawaida. Hiyo haina maana azikatae. Ina maana azipokee akijua umri uliobaki, apange bajeti, na asiziunganishe na intaneti zikiwa hazina ulinzi.

Kwa wanaonunua bodi za aina ngeni kwa ajili ya shule au utafiti, sharti moja lingetosha kuondoa balaa nyingi. Muuzaji aonyeshe kwamba msimbo unaoendesha maunzi yake umekwisha kupokewa katika kiini kikuu cha Linux. Kampuni nyingi huuza bodi pamoja na kiini chao cha pekee, kilichonyofolewa kutoka toleo la zamani na kurundikwa viraka. Siku kampuni inapohamia bidhaa nyingine, mnunuzi hubaki na chombo kisicho na nahodha. Msimbo uliopokewa katika kiini kikuu, kinyume chake, unaweza kutunzwa na yeyote, hata aliyeuandika akistaafu.

Kwa vyuo vikuu vyetu nina neno zito kidogo. Idara zetu za tarakilishi hutoa mahafali kila mwaka, na wengi wao wameandika miradi ya mwisho ambayo hulala kabatini ikila vumbi. Kazi ya kuhamishia vifurushi kwenye jamii mpya ya prosesa iko wazi kwa yeyote. Haihitaji viza, wala barua ya utambulisho, wala ada. Mwanafunzi huchagua kifurushi kilichokwama, husoma kumbukumbu ya tafsiri iliyoshindwa, hutafuta kiini cha kosa, huandika kiraka, kisha hukiwasilisha na kutetea hoja yake mbele ya wasanidi wa nchi mbalimbali. Atajifunza kompaila, usanifu wa prosesa na adabu ya kazi ya pamoja kwa mpigo mmoja. Bodi moja ya RISC-V iliyowekwa mahali penye umeme wa kutegemewa, ikihudumiwa na darasa linalorithishana kazi mwaka hadi mwaka, ingekuwa mchango halisi na shule isiyo na kifani.

Nasema darasa linalorithishana kwa kusudi. Ari ya mtu mmoja haitoshi. Jamii nyingi za prosesa zilizopoteza cheo, kuanzia Alpha hadi SPARC, hazikuondolewa kwa chuki. Mashine zilizeeka, watunzaji wakapata kazi nyingine, maswali ya wasimamizi yakakosa wa kuyajibu, na ukimya ukachukuliwa kuwa jibu. Lugha nazo hufa hivyo hivyo: hakuna anayezipiga marufuku, ila siku moja hukosekana wa kuzirithi.

Wanafunzi wetu wamezoea kuambiwa kuwa wao ni watumiaji wa teknolojia iliyobuniwa kwingine. Debian imeonyesha kuwa mpaka kati ya mtumiaji na mtengenezaji haulindwi na askari. Waliouvuka walikuwa watu wachache, aghalabu bila mshahara, walioamua kwamba mashine waliyo nayo inastahili kusikizwa, wakaketi wakaifanya kazi hiyo kwa miaka. Orodha ya toleo lijalo itaandikwa na watakaokuwapo. Walimu na watume wanafunzi wao wawepo.